Kipima Ujazo cha Pili: Uchambuzi wa Kisa cha Chanzo cha Mionzi Kilichoingia Yadi ya Chuma Chakavu Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya maafisa wa usalama kazini, wafanyabiashara wa chuma chakavu, madalali wa mnada na wafilisi, yaani wanaoteuliwa kuuza mali ya kampuni zilizofilisika. Majina ya watu, kampuni na mitaa yameondolewa, bidhaa iliyokuwa ikitengenezwa na kiwanda kinachohusika haitajwi, na baadhi ya siku zimesogezwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa maamuzi umeachwa kama ulivyokuwa. Mwandishi aliitwa na mwenye yadi kama mshauri wa usalama siku ya pili ya tukio, na mengi ya yaliyotangulia yametokana na daftari la mizani, jumbe za simu na mahojiano na wafanyakazi.

Usuli

Yadi yenyewe iko mashariki mwa Nairobi, si mbali na Eneo la Viwanda. Hununua kutoka kwa watu wa namna mbili: wasukuma mikokoteni, wanaoleta mabati, fremu za madirisha na vipande vya magari, na mabroka, wanaoleta lori zima kutoka kiwanda kilichofungwa au jengo linalobomolewa. Mzigo hupimwa, huandikwa daftarini, hukatwa kwa gesi hadi vipande vinavyoingia tanurini, kisha huuzwa kwa viwanda vya kuyeyusha. Shaba, alumini na risasi hutengwa kwa kuwa bei yake kwa kilo inazidi ya chuma.

Mwenye yadi, mzee aliyeanza biashara hii akiwa msukuma mkokoteni, ana kanuni mbili asizozilegeza. Ya kwanza ni daftari. Tangu Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015, na hasa tangu mwaka 2022 serikali iliposimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa baada ya wizi na uharibifu wa minara ya umeme, haruhusu kilo moja ishuke bila jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari na mahali mzigo ulikotoka. Ya pili ni kwamba chombo chochote kilichofungwa pande zote hakikatwi mpaka msimamizi wa mizani ajue ndani mna nini. Kanuni hii ilizaliwa na ajali ya yadi jirani, ambako shokabzoba ya lori ililipuka usoni mwa mkataji aliyeipasha moto. Wakati wa kuitunga, hakuna aliyekuwa akifikiria mionzi.

Kifaa kilichozua kisa hiki ni kipima ujazo, na vipima ujazo vya mionzi ni vingi viwandani kuliko watu wanavyodhani. Kiwanda chenye tangi refu la saruji, makaa, unga wa mawe au kemikali hakiwezi kutuma mtu akachungulie ndani kila dakika kujua limejaa kiasi gani. Upande mmoja wa tangi hufungwa kasha la chuma lililojazwa risasi, lenye kidonge cha sesiamu-137, elementi inayotoa mionzi, katikati. Upande wa pili, kwa usawa uleule, hufungwa kipokezi. Kilango cha kasha kikiwa wazi, mwale mwembamba hupita tangini kwa ulalo hadi kwenye kipokezi. Bidhaa ikipanda hadi usawa huo, mwale hufifia na mtambo hujua. Kilango kikifungwa, risasi humeza sehemu kubwa mno ya mionzi, na mtu anaweza kupita karibu bila madhara. Nguvu ya sesiamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo kifaa kilichonunuliwa kiwanda kikifunguliwa huwa bado hai siku kiwanda kinapofungwa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki hupanga vyanzo vya mionzi katika madaraja 5, la kwanza likiwa la hatari zaidi. Vipima ujazo vya matangi makubwa huangukia daraja la 3, maana yake mtu akikishika kidonge bila ganda kwa saa chache anaweza kupata jeraha la kudumu.

Kiwanda tunachokizungumzia kilikuwa na leseni ya vifaa viwili vya namna hiyo. Kilizama katika madeni, kikafungwa, na afisa wake wa usalama wa mionzi akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuachishwa kazi. Mfilisi aliajiri dalali wa mnada. Katika orodha ya dalali, jengo zima la uzalishaji lilitajwa kwa mstari mmoja: mitambo mbalimbali, mabomba na matangi. Broka alinunua mstari huo.

Mfuatano wa matukio

Lori liliingia yadini Ijumaa jioni, wafanyakazi wakiwa wanajiandaa kwenda nyumbani. Miongoni mwa mabomba na nusu za matangi kulikuwa na kipande cha mviringo kisichozidi ukubwa wa ndoo ya lita 20, ambacho vijana wawili walishindwa kukiinua. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu pamoja na tangi lake, tena zaidi ya mara moja. Mkataji alikigonga kwa nyundo, kikatoa sauti nzito, iliyokufa.

“Kaka, hii ni risasi tupu,” alimwambia msimamizi wa mizani. “Nipe nusu saa tu.”

“Imefungwa kila upande. Haikatwi.”

Walibishana kidogo. Ili kuumaliza ubishi, msimamizi alichukua bisibisi akakwangua rangi mahali palipokuwa na bamba dogo lililopigiliwa ribiti. Ilionekana rangi ya manjano, kisha mapanga matatu meusi yaliyozunguka kitone. Alipiga picha akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyabiashara wenzake. Wa kwanza kujibu alisema ni alama ya feni, sehemu ya mtambo wa kupoza. Wa pili alisema ni jenereta. Wakati majibu yakiendelea, foklifti ilikihamisha kifaa kutoka kwenye mizani hadi kona ya nyuma ya yadi, mbali na kila mtu.

Karibu saa mbili usiku picha ilimfikia binti wa mwenye yadi, ambaye ni mpigaji eksirei katika hospitali moja jijini. Hakuandika ujumbe, alipiga simu moja kwa moja. Aliuliza maswali matatu: mmeikata, imepasuka popote, na mko umbali gani nayo. Alipojibiwa aliwaambia wasikisogelee tena, wasikisogeze tena, wafunge lango, na kila aliyekishika anawe mikono kabla ya kula. Swali lake la mwisho ndilo lililowashtua: nyuma ya ukuta wa kona hiyo kuna nini? Kulikuwa na kibanda cha mama anayeuza chakula, ambaye huwasha moto saa kumi na moja alfajiri.

Usiku huo simu zilipigwa bila mafanikio. Ofisi moja ilisema afisa anayehusika atapatikana Jumatatu. Nyingine ilitoa nambari ya ofisi ya tatu, ambayo haikupokea. Askari wa zamu alifika, akaangalia kwa mbali, akauliza kama ni bomu, akaondoka akiahidi kuripoti. Mlinzi wa yadi alitumwa amngojee mama wa kibanda amzuie asifungue, bila kupewa maelezo ya kumweleza.

Jumamosi asubuhi binti yule alimpata afisa wa usalama wa mionzi wa hospitali yake, naye alikuwa na nambari ya dharura ya mamlaka ya udhibiti wa mionzi. Muda mfupi baadaye broka naye alifika na pikapu. Alikuwa ameiona picha. Alitoa pesa taslimu zote alizolipwa kwa mzigo huo, akataka apewe kifaa akirudishe kilikotoka. Mwenye yadi alikataa.

Wataalamu wa mamlaka walifika kabla ya adhuhuri wakiwa na vipimo vya mkononi. Walianza kupima wakiwa barabarani, wakasogea hatua kwa hatua, wakaweka mzunguko wa mita 30. Mzunguko huo ulimeza kibanda cha chakula na nusu ya barabara ya vumbi, na kufikia saa tisa mtaa mzima ulikuwa ukisema limepatikana bomu la nyuklia. Jioni kifaa kilifungwa katika kontena la kusafirishia na kupelekwa katika hifadhi ya taka za mionzi iliyoko Oloolua, karibu na Ngong.

Jumatatu nambari ya bamba ililinganishwa na kumbukumbu za leseni, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba leseni ilikuwa ya vifaa viwili. Daftari la yadi lilionyesha kimoja. Broka aliapa kwamba hakuchukua kingine. Jumanne wataalamu walikwenda kiwandani wakakikuta cha pili kikiwa bado juu, kimefungwa kwenye tangi, kwa sababu wabomoaji hawakuwa na ngazi ya kukifikia kutoka nje. Kilango chake kilikuwa wazi, kama kilivyoachwa siku mtambo uliposimama.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutokata haukutokana na kuitambua hatari. Msimamizi hakuijua alama ile, na alisema hivyo bila haya. Alikataa kwa sababu ya kanuni ya vyombo vilivyofungwa, na kwa sababu mwenye yadi alikwisha kumfukuza mkataji mmoja kwa kuivunja.

Uamuzi wa kukihamisha hadi kona ya nyuma ulifanywa kwa nia njema na ulikuwa wa makosa. Waliohamisha waliufikiria uwanja wao tu. Ukuta wa bati waliuhesabu kuwa mwisho wa dunia, ilhali bati karibu haliizuii kabisa gama, yaani mionzi inayotoka kwenye kidonge. Laiti kilango kingekuwa wazi na kimeelekea ukutani, mama wa kibanda angepikia ndani ya mwale. Dereva wa foklifti, kwa bahati, alikiweka kikiwa kimeelekea chini.

Uamuzi wa kumkatalia broka ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, na nilimwuliza mwenye yadi kuuhusu mara zaidi ya moja. Kurudisha kungemwondolea tatizo palepale na pesa yake ingerudi. Sababu aliyoitoa haikuwa ya kishujaa: kifaa kilikuwa kimeshaandikwa katika daftari lake, na endapo kingepotea njiani au kutupwa mtoni, mstari wa mwisho wenye saini ungekuwa wake. Broka angekipeleka wapi? Kiwanda kilikuwa na kufuli la mfilisi langoni. Nadhani sote tunajua kwamba kingeishia kwenye mtaro fulani au katika yadi nyingine isiyo na daftari.

Wataalamu waliulizwa kwa nini waliweka mita 30 ilhali vipimo vilikuwa vidogo. Walijibu kwamba huo ndio umbali wa kuanzia unaopendekezwa kimataifa kwa chanzo kisichojulikana hali yake, na kwamba mzunguko hupunguzwa baada ya kupima, haupanuliwi baada ya watu kuumia. Mpaka wa ndani, ambao mtu wa kawaida hapaswi kuuvuka, ni pale kipimo kinapofika maikrosiviti 100 kwa saa (siviti ni kizio cha mionzi inayopokelewa na mwili; maikrosiviti 1,000 ni milisiviti 1). Hapakuwa na mahali yadini palipofikia hapo, isipokuwa kwenye uso wenyewe wa kilango.

Matokeo

Kasha lililofika yadini lilikuwa zima. Kilango kilikuwa kimefungwa, ingawa kufuli lake halikuwapo na kilishikiliwa na kutu tu. Vitambaa vilivyopanguswa juu ya kasha, kwenye mizani, kwenye foklifti na mikononi mwa wafanyakazi havikuonyesha dalili ya kuvuja. Kiasi cha mionzi walichopata wafanyakazi wa yadi na mama wa kibanda kilikadiriwa kuwa sehemu ndogo ya milisiviti 1, ambayo ndiyo kikomo cha mwaka kwa mtu wa kawaida. Watu hupokea zaidi ya hiyo kila mwaka kutoka ardhini na angani. Wastani wa dunia ni kama milisiviti 2.4.

Kiwandani mambo yalikuwa tofauti. Wabomoaji wawili walikuwa wameingia ndani ya tangi lenye kifaa cha pili, wakakata mabamba ya ndani kwa sehemu ya siku. Tangi likiwa tupu, hakukuwa na kitu cha kuufifisha mwale. Muda mwingi walifanya kazi chini ya usawa wake, na hesabu iliyofanywa kwa kuigiza mahali walipokuwa wamesimama iliweka kipimo chao juu ya kikomo cha mtu wa kawaida na chini ya milisiviti 20, wastani wa mwaka unaoruhusiwa kwa mfanyakazi wa mionzi. Kiwango hicho hakiunguzi ngozi wala hakiangushi nywele, na uchunguzi wa damu ulikuwa wa kawaida. Hata hivyo walipata mionzi mingi kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hiki, na kwa siku nne ambazo yadi ilikuwa imezungukwa utepe na kupigwa picha, hakuna aliyewatafuta.

Uchambuzi

*Kanuni iliyofaa haikutungwa kwa ajili ya mionzi*

Mafunzo mengi ya usalama huanza na picha ya alama ya mapanga matatu na kutumaini kwamba siku moja itakumbukwa. Kisa hiki kinaonyesha udhaifu wa matumaini hayo: alama ilikuwa chini ya rangi, na ilipofunuliwa, watu wenye uzoefu wa miaka waliona feni. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilizindua alama ya nyongeza, nyekundu, yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, kwa sababu lilikuwa limegundua kwamba ile ya zamani haiwaambii kitu watu wengi. Ni hatua nzuri, ila vifaa vya kabla ya hapo bado viko matangini.

Kanuni ya “kilichofungwa hakikatwi” haihitaji mtu atambue chochote. Inafaa kwa shokabzoba, kwa mtungi wa gesi, kwa kombora lililookotwa kwenye uwanja wa mazoezi ya jeshi, na kwa kasha la sesiamu. Ningeongeza ya pili iliyo rahisi vilevile: kitu kizito kupita ukubwa wake kiwekwe kando. Risasi ndiyo ngao ya kawaida ya mionzi, na risasi ndiyo inayomtia mkataji tamaa. Mjini Goiânia, Brazili, mwaka 1987, waokota chuma walivunja mashine ya tiba iliyotelekezwa, wakaiuza vipande vipande kwa mwenye yadi ambaye alivutiwa na unga uliong’aa buluu gizani. Watu 4 walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa sesiamu, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, mfuatano ulikuwa uleule kwa kobalti-60, elementi nyingine ya mionzi, na watu 3 walikufa. Kote huko kilichokosekana ni mtu wa mizani mwenye mamlaka ya kusema hapana.

*Tatizo lilianzia mezani kwa dalali wa mnada*

Ni rahisi kukifanya kisa hiki kuwa hadithi ya yadi, kwa kuwa utepe ulifungwa hapo. Kifaa, hata hivyo, kilikuwa na leseni, nambari, mwenyewe na afisa wa kukisimamia. Vyote vilipotea ndani ya wiki chache za ufilisi. Mfilisi humtazama mdai; kazi yake ni kugeuza mali kuwa pesa, na kitu kisicho na bei hakimwingii machoni. Kipima ujazo chenye sesiamu si mali hata kidogo. Ni deni, maana anayekimiliki anadaiwa kukilinda, kukisafirisha na kukilipia hifadhi. Deni hilo liliuzwa kwa kilo.

Tukirudi Goiânia kwa jicho hili tunaona jambo ambalo masimulizi ya unga unaong’aa hulifunika. Zahanati iliyomiliki mashine ilikuwa imehama na kuiacha katika jengo lililokuwa na mgogoro mahakamani. New Delhi mwaka 2010, mashine ya kobalti-60 ambayo chuo kikuu hakikuwa kimeitumia tangu miaka ya 1980 ilipigwa mnada kama chuma, ikafika soko la Mayapuri, ikakatwa, na mtu 1 akafa. Katika visa hivi chanzo hakikuibwa na magaidi wala hakikuvushwa mpakani usiku. Kilipoteza mwenyewe kwa njia halali, mchana kweupe, mbele ya wanasheria.

Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya ulinzi dhidi ya mionzi ya miaka ya 1980, na chini yake mwenye leseni hawezi kuhamisha chanzo bila idhini. Kifungu hicho ni kizuri alimradi mwenye leseni yupo. Ufaransa imelishughulikia pengo hili kwa njia ninayoiona ya busara: chanzo kilichofungwa kina umri wa kisheria wa miaka 10, usipoongezwa hurudishwa kwa aliyekiuza, naye analazimika kukipokea. Jambo la haraka zaidi, lisilohitaji bunge, ni orodha ya wenye leseni kufika mezani kwa mfilisi siku ya kwanza. Afisa wa usalama aliyeachishwa kazi alikuwa akiishi Nairobi wakati wote huo, na alipopigiwa simu Jumatatu alitaja vifaa viwili na mahali vilipo bila kufungua faili.

*Mikataba mikubwa hukipita kifaa hiki juu*

Uvumi wa bomu la nyuklia ulikuwa wa kipuuzi kwa upande wa fizikia. Sesiamu-137 haiwezi kulipuka kinyuklia. Bomu huhitaji urani iliyorutubishwa au plutoni. Wanaojua kidogo walisema afadhali “bomu chafu”, yaani baruti ya kawaida inayotawanya mionzi, na hofu hiyo ina msingi zaidi, ingawa madhara yake makubwa yangekuwa taharuki na gharama za kusafisha.

Lakini uvumi huo unafungua swali la maana: nani duniani anahesabu vitu hivi? Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia tangu 1970. Wakaguzi wa kimataifa wanaotumwa chini ya mkataba huo huhesabu urani, plutoni na thori, hata kwa gramu. Sesiamu na kobalti hazimo katika hesabu hiyo. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: baadhi ya mashine za zamani za tiba na za kupiga picha za viwandani zina ngao ya urani hafifu badala ya risasi, na ngao hiyo isiyoweza kumdhuru mtu kwa mionzi yake huripotiwa kwa wakaguzi, ilhali kidonge kilicho ndani yake, chenye uwezo wa kuua, hakiripotiwi kwao. Mkataba wa Pelindaba, ulioifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia na kuanza kutumika 2009, unakataza utupaji wa taka za mionzi, nalo Azimio 1540 la Baraza la Usalama, la mwaka 2004, linazitaka nchi zizuie silaha zisiwafikie magaidi. Kuhusu chanzo chenyewe kuna Kanuni za Mwenendo za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki za 2003 na mwongozo wake wa 2017 kuhusu vyanzo visivyotumika tena. Vyote viwili ni vya hiari.

Silaumu vipaumbele hivyo; plutoni inastahili kuhesabiwa. Lakini tofauti ya kiwango cha uangalizi inashangaza ukiwa umesimama Nairobi. Kituo cha mitetemo cha Kilimambogo, kilicho katika mtandao wa kimataifa wa kugundua majaribio ya silaha, kinaweza kuusikia mlipuko wa chini ya ardhi bara jingine. Mizani iliyo umbali wa saa moja kutoka hapo ilimtegemea kijana mwenye bisibisi. Si Kenya pekee. Mwaka 1984, nondo zilizotengenezwa Meksiko kwa chuma chakavu kilichochanganyika na vidonge vya kobalti-60 katika yadi ya Ciudad Juárez ziligunduliwa Marekani kwa sababu tu lori lililozibeba lilipita karibu na maabara ya silaha ya Los Alamos na kuamsha king’ora ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake. Tangu hapo viwanda vingi vya kuyeyusha ng’ambo vimeweka milango ya kupima malori. Kiwanda kinachonunua kwa yadi hii hakina.

*Simu, kibanda na wabomoaji*

Saa 14 kati ya simu ya binti na kuwasili kwa wataalamu hazikuleta madhara, lakini kwa kasha lililopasuka zingekuwa nyingi mno. Nambari ya dharura ilipatikana kwa undugu. Sasa imepakwa rangi kwenye ukuta wa mizani.

Mawasiliano na jirani yalikuwa mabaya. Mama wa kibanda alizuiwa na mlinzi asiyejua la kumwambia, akasikia habari za bomu kutoka kwa wateja wake, na hata baada ya mzunguko kuondolewa watu walikikwepa chakula chake kwa wiki nzima. Mtaalamu mmoja alimaliza hofu hiyo kwa njia rahisi kuliko matangazo yote: alirudi Jumatano ya wiki iliyofuata na kipimo, akakipitisha juu ya sufuria, meza na mikono ya mama mbele ya watu, wakasikia kikilia polepole kama kinavyolia barabarani, kisha akaagiza maharagwe na chapati mbili.

Kuhusu wabomoaji, hakuna aliyekuwa na majina yao. Walikuwa vibarua wa siku, waliolipwa mkononi, na walipatikana kwa sababu broka alimkumbuka mmoja kwa jina la utani. Yadi yenye daftari iliweza kuonyesha nani aligusa nini saa ngapi. Kiwanda chenye mfilisi, dalali na wakili hakikuweza. Uchunguzi wao wa damu utarudiwa, na vipimo vyao vimewekwa katika kumbukumbu wakiwa na haki ya kuviomba.

*Gharama*

Mwenye yadi alilipia kifaa kama chuma, kwa kilo, na risasi ni nzito. Broka aliyetaka kurudisha pesa Jumamosi alibadili kauli Jumatatu, akidai mali ilichukuliwa na serikali ikiwa mikononi mwa mnunuzi. Mfilisi anasema vifaa havikuwa katika orodha ya mali, kwa hiyo havikuuzwa, kwa hiyo havimhusu; dalali anasema “mitambo mbalimbali” inajumuisha kila kitu. Ankara ya kusafirisha na kuhifadhi makasha mawili imeandikwa kwa jina la kiwanda ambacho hakipo tena, na aliyeitoa, mdai mpya, amewekwa katika foleni nyuma ya benki.